Sensa ya vumbi kuitoa nje Kisumu, niifunike na nini isinyeshewe?

Kibos_line: Wadau habari zenu. Nina sensa ya hewa SDS011, kile kifaa cha kupima vumbi, nimeiunga na NodeMCU, ile bodi ndogo ya WiFi inayotuma namba, saa hii iko dirishani ndani inasoma tu moshi wa jiko letu. Nataka kuitoa nje maana huku wakichoma miwa masizi yanaangukia nguo kwenye kamba na nataka nione namba zenyewe. Shida ni mvua ya Kisumu mnaijua, jioni inakuja na upepo inapiga kwa ubavu. Nilikuwa nafikiria ile boksi ya plastiki ya mafundi wa stima, halafu nizibe kila mahali na silikoni. Itashika ama?

fundi_bomba_kando: Itashika maji boss, lakini na hewa pia haitaingia, utakuwa unapima hewa ya boksi. Hiyo sensa ina feni, lazima ivute na itoe. Enda hadiwea ununue elbo mbili za PVC za inchi tatu, zile za maji machafu, uziunge zikae kama U iliyopinduliwa midomo yote ikiangalia chini. Ndivyo watu wa Sensor.Community hujenga, ule mradi wa watu wa kawaida kupima hewa kwao, ulianzia Stuttgart Ujerumani 2015. Beba sensa ukienda dukani, ina upana wa milimita 70 hivi na kuna elbo zingine itakataa kuingia. Kwa pua ya sensa weka mpira mfupi wenye tundu la milimita 6 ushuke mpaka karibu na mdomo wa peipu, usiupinde sana vumbi litabaki kwa kona. Halafu neti ya mbu kwa midomo yote miwili, hii usiache, vile wadudu wa ziwa hufuata taa usiku na buibui nao wanawafuata. Neti tu, usiweke kitambaa, kitachuja hilo vumbi unalotafuta.

Achi_wa_Nyalenda: Mbona gharama yote hiyo, kopo la mafuta la plastiki ulipindue, utoboe chini, kwisha.

fundi_bomba_kando: @Achi litafanya kazi, ila kwa jua la huku halikai sana, linakuwa gumu linapasuka. Kama ni la kujaribu sawa.

mama_sensa_Nakuru: Elbo ni sawa, mimi niko Kiamunyi na yangu iko chini ya paa, upande haupigwi na jua la mchana, mbali na gata na mbali na dirisha la jikoni. Lakini kitu hakijasemwa hapa ni unyevu. Hiyo SDS011 inataka unyevu wa hewa usipite asilimia 70. Ukipita, chembe za vumbi zinanyonya maji zinafura, na ukungu wenyewe sensa inauona ni vumbi, kwa hivyo alfajiri namba inapanda na hakuna mtu amewasha hata kiberiti. Ongeza BME280, sensa ndogo ya unyevu na joto, ininginie chini karibu na mdomo wa peipu, NodeMCU ikae juu, maana inatoa joto na ikiwa karibu itakudanganya. Usomaji wa unyevu mwingi uweke alama, usikimbie nao kwa grupu ya mtaa kusema tumepita ile 15 ya WHO ya masaa 24, yaani maikrogramu 15 za vumbi laini (PM2.5) kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Na silikoni ile ya kunuka siki achana nayo karibu na saketi, inakula shaba. Waya wa chaja uache ushuke chini ya mdomo kwanza ndio upande kuingia, maji yadondoke hapo kwa kona.

Kibos_line: Asanteni sana, hiyo ya waya singefikiria. Sasa niiache iwake mchana na usiku?

mama_sensa_Nakuru: Hapana, leza yake, ile taa inayoona vumbi, maisha yake ni kama masaa 8000, ukiiacha tu haimalizi mwaka. Weka ilale, iamke kila dakika mbili na nusu, feni izunguke kidogo kwanza ndio isome.

Achi_wa_Nyalenda: Na ukiifunga kwa ukuta tumia klipu za peipu, usitumie gundi, siku moja utataka kuitoa kuosha hiyo neti.

Kibos_line: Sawa, Jumamosi naenda Kondele kutafuta elbo.