Programu ya kikoba kwenye skrini nne: Flutter, React Native au tovuti inayosakinishwa?

Katibu_Mwanza
Ndugu wanajukwaa, salaam. Tuko watatu, tunatengeneza programu ya hesabu za vikoba. Wanachama wengi wana simu za Android za bei nafuu, wachache wana iPhone, waweka hazina wanataka kishikwambi ili waone daftari lote kwa pamoja, na makatibu huandaa taarifa za mwezi kwenye kompyuta kupitia kivinjari. Toleo la kwanza tuliliandika mara mbili, moja la Android na jingine la tovuti, na baada ya miezi michache yalikuwa yameachana kabisa: kitufe kilichosomeka "Nunua hisa" kwenye simu kilisomeka "Weka akiba" kwenye tovuti, na mama mmoja alilipa mara mbili akiamini kuwa ni malipo mawili tofauti. Jambo hilo limeniumiza. Tunataka kuanza upya kwa njia moja: Flutter au React Native, ambazo ni zana za kuandika programu mara moja ikatumika kwenye Android na iPhone, au tovuti inayosakinishwa, yaani tovuti inayowekwa kwenye simu kama programu. Tuchague ipi?

Mchoraji_wa_Skrini
Pole, ndugu Katibu. Mimi ningechagua Flutter, ambayo Google ilitoa toleo lake la 1.0 Desemba 2018. Haiazimi vitufe vya simu bali huchora kila kitu yenyewe, kwa hiyo kadi ya mwanachama mliyoisanifu itaonekana vilevile kwenye Android ya zamani na kwenye iPhone mpya. Kwa timu ya watu watatu, kurekebisha kosa mahali pamoja ni nafuu kubwa. Udhaifu wake ninaoujua vizuri uko kwenye kivinjari: ukurasa huchorwa kama picha, hivyo katibu akitafuta jina la mwanachama kwa kitafutio cha kivinjari hatalipata, na upakuaji wa mara ya kwanza ni mzito kuliko ule wa ukurasa wa kawaida.

Dada_wa_iPhone
Naomba nitofautiane na ndugu Mchoraji kwa heshima. Kufanana kwa sura si lazima kuwe kufanana kwa matumizi. Mwenye Android amezoea kurudi nyuma kwa kitufe cha mfumo au, tangu Android 10, kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote wa kioo. Mwenye iPhone hana kitufe hicho, naye hutarajia mshale juu kushoto na kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Ukimpa kila mmoja skrini ileile bila kujali mazoea hayo, mmoja wao atakwama. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, hutumia vitufe na orodha za mfumo wenyewe, hivyo mengi ya mazoea hayo huja bila kuhangaika. Gharama yake ni kwamba lazima mjaribu kila skrini kwenye simu za aina zote mbili, kwa sababu kivuli au nafasi iliyokaa vizuri huku inaweza kuharibika kule.

Msanifu_Tanga
Ndugu Katibu, soma tena ulichoandika. Yule mama hakupotezwa na rangi wala umbo la kitufe. Alipotezwa na neno. Hakuna mfumo kati ya hiyo mitatu ambao ungemwokoa, kwa sababu hata ndani ya Flutter watu wawili wanaweza kuandika maneno mawili kwa jambo moja. Kabla ya kuchagua chombo, tengenezeni faili moja la maneno yote ya programu, na jingine la vipimo: rangi kwa majina ya kazi yake, kwa mfano "rangi ya onyo" badala ya "nyekundu", ukubwa wa herufi, na nafasi kati ya vitu. Mafaili hayo yasomwe na matoleo yote, na asiruhusiwe mtu kuandika neno au rangi moja kwa moja ndani ya skrini. Vitufe navyo visipungue kimo cha dp 48 kwenye Android na pointi 44 kwenye iPhone, kama miongozo ya Google na Apple inavyoelekeza (dp na pointi ni vipimo vya skrini visivyotegemea wingi wa nukta za kioo). Hapo tofauti ni ya haki, wala msiilazimishe ifanane. Jambo jingine: jaribuni kila skrini huku herufi zimekuzwa kwenye mipangilio ya simu. Wazee wa vikoba huzikuza, na "Thibitisha marejesho ya mkopo" ni maneno marefu. Yakikatwa katikati, mtu anabonyeza asichokijua.

Fundi_Kishikwambi
Nyongeza fupi. Msiulize kama kifaa ni simu au kishikwambi. Ulizeni upana wa dirisha. Chini ya dp 600, orodha ya wanachama peke yake; kuanzia 840, orodha kushoto na daftari la mwanachama kulia. Kishikwambi kikigawanywa skrini, mpangilio utajirekebisha wenyewe.

Katibu_Mwanza
Nawashukuru nyote. Tovuti inayosakinishwa tumeiacha kwa upande wa simu, kwa sababu kwenye iPhone mwanachama angelazimika kuiongeza mwenyewe kwenye skrini ya mwanzo kupitia menyu ya kushiriki, na wengi wasingefika huko. Tutatumia Flutter kwa simu na vishikwambi, pamoja na mshale wa kurudi kama alivyoshauri Dada, na ukurasa wa kawaida wa HTML kwa makatibu, vyote vikisoma faili moja la maneno. Jana usiku tulianza kuliandika. Tumekuta maneno manne yanayotaja faini, na Jumamosi tutawauliza waweka hazina wenyewe ni lipi wanalolitumia kikaoni.