Mjadala: Makala iliyosomwa na wengi ndiyo iliyofaa?

Mwanzilishi

Swali lenyewe ni fupi: mwandishi apimwe kwa idadi ya waliofungua makala yake, au kwa nini? Mhariri wangu na mimi tumelibishania tangu mwanzo wa mwezi, na kwa kuwa malipo yetu siku hizi yanafuata mibofyo, si ubishi wa kupitisha wakati.

Niliandika makala mbili. Moja ya harusi ya mwanamuziki: gauni, magari, nani hakualikwa. Dakika arobaini nikawa nimemaliza. Ya pili ilinila siku nne: mwenye jengo akitaka kukupandishia kodi ya duka, sheria inamtaka afanye nini kwanza. Ya harusi ilipita wasomaji 10,000 kabla ya jua kutua. Ya duka haijafika 300 hadi leo. Mhariri akaniambia, "Si umeona mwenyewe watu wanataka nini?"

Jumamosi nikaenda Kariobangi kupunguza suruali. Fundi wangu ni mama wa makamo, ana cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Kando ya kioo palikuwa na karatasi mbili zimebandikwa kwa selotepu, zimechapishwa saiba, wino umefifia kuelekea chini. Nilisoma mstari wa kwanza nikajua ni maneno yangu. Alikuwa amepiga mstari wa kalamu chini ya "miezi miwili", tena na tena, hadi karatasi ikachanika.

Sikumwambia ni yangu. Nikauliza tu hiyo ni nini.

"Huyo ndiye askari wangu," akasema, pini bado ziko mdomoni.

Mwenye jengo alikuja Ijumaa moja kumwambia kodi inapanda kuanzia tarehe moja. Mama hana mkataba wa maandishi, na miaka yote aliamini kwamba asiye na karatasi hana haki. Kumbe ni kinyume. Sura ya 301, yaani sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, inamlinda hasa mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa miaka isiyozidi mitano, na fundi wa nguo anahesabiwa humo. Kodi yake haipandishwi kwa mdomo mlangoni. Inatakiwa notisi kwenye fomu iliyowekwa, nayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Mama akamsomea yule bwana yote hayo, bwana akaondoka akisema atarudi.

Kisha akaniuliza mimi, mteja tu wa suruali: "Lakini huyu aliyeandika, mbona hasemi akirudi na hiyo notisi nifanye nini?"

Masikio yangu yalipata moto. Sikuwa nimeandika. Mpangaji anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa, na akikataa apeleke shauri kwenye baraza la kesi za wapangaji wa maduka kabla tarehe ya notisi haijafika. Akinyamaza, kodi inapanda na sheria iko upande wa mwenye jengo. Yaani makala yangu ilimpa mama huyu ujasiri, halafu ingemwacha amelala hadi siku ya mwisho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tazama msomaji amefanya nini na ulichoandika, na amebaki akiuliza nini. Takwimu za mhariri zisingenionyesha lolote kati ya hayo. Nipingeni.

Mhariri mstaafu, South B

Kijana, nakupinga. Umemwona fundi mmoja kwa bahati ya suruali ndefu. Hao wengine umewaona wapi? Nilianza kazi enzi za taipureta, na nimefanya kazi na waandishi wengi waliokuwa wakiandika "mambo ya maana" yasiyosomwa hata na wake zao, lawama zote wakimtupia msomaji. Namba ina kelele, sikatai, lakini ndiyo sauti pekee uliyo nayo ya mtu ambaye hutakutana naye.

Kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana wakaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama zao: mkate utozwe ushuru wa asilimia 16, gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mapendekezo hayo yalitangazwa kuondolewa tarehe 18, kabla waandamanaji hawajaingia Bungeni tarehe 25 na Rais kukataa kutia sahihi siku iliyofuata. Ufafanuzi ule ungefikia watu 300 ungemfaa nani? Wingi ndio uliokuwa na thamani. Rudi ukaandike makala yako ya duka ili isomwe na wengi, badala ya kujipongeza kwamba wachache waliifikia.

Msusi, Kawangware

Mimi nina neno moja tu. Mteja wa kusukwa anakaa kwangu saa nne, shingo inamuuma, mtoto analia mgongoni mwa dada yake. Unataka nimsomee Sura ya 301? Hiyo harusi yako tuliisoma kwa sauti, saluni nzima. Na tulikasirika! Kichwa kilisema "siri ya bibi harusi", tukafika mwisho siri hatukuiona. Hapo ndipo ulipotukosea. Harusi haina makosa, sisi kucheka tunakutaka.

Mwalimu, Umoja

Nina njia yangu ya tangu nifundishe insha. Namtafuta mtu niliyemwandikia, asiwe rafiki yangu, anisomee kwa sauti. Akimaliza naichukua karatasi, namwambia anieleze.

Juzi nilimfanyia hivyo mlinzi wa ploti yetu kwa tangazo la mgao wa maji. Nililiandika mwenyewe na nilikuwa nikijivunia, mistari sita tu. Alipofika "bloku zote zitapata huduma kwa kupokezana" alisita, akarudi nyuma, kisha akapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Nilipomwambia aeleze, akasema maji yatakuja kila siku kwa bloku zote. Nikafuta. Nikaandika: Jumanne na Ijumaa, bloku A. Jumatano na Jumamosi, bloku B. Zamani nilikuwa napigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na watu wenye ndoo mkononi. Tangu hapo hakuna hata mmoja aliyepiga.

Sasa, ndugu mwanzilishi, tangazo lile lilifaa kwa sababu hakuna aliyebaki na swali. Dalili yake ilikuwa kimya. Kwa kipimo chako wewe, lingehesabiwa limeshindwa.

Mwanzilishi

Mzee wangu, la bahati nakubali. Bila suruali nisingejua. Lakini 2024 unaihesabu kwa namna nyingine kabisa. Wabunge hawakusumbuliwa na idadi ya waliotazama video. Namba zao za simu zilisambazwa, watu wakawapigia na kuwaandikia mchana na usiku. Walielewa kilichoandikwa, wakashika simu. Hicho ndicho ninachokitafuta katika makala yangu, hata kama walioshika simu ni wengi kuliko nilivyozoea.

Dada msusi, umenishika pabaya. Kichwa kile nilikiandika nikijua siri haipo. Nimerudi kutazama: wengi wa walioifungua hawakuisoma hata nusu dakika, na mimi nilikuwa nikiwahesabu kama wasomaji walioridhika. Mhariri naye anawahesabu hivyo hivyo hadi sasa.

Mwalimu, hilo la kimya limenivuruga, maana linaangusha nusu ya hoja yangu. Bado nalitafuna. Ila jaribio lako nimelifanya.

Nilirekebisha makala, nikaichapisha, nikampelekea mama Kariobangi, na safari hii nikakiri ni mimi niliyeiandika. Hakushangaa sana. Aliisoma akiwa amesimama, na kwa kuwa kalamu haikuonekana, akachukua chaki ya kukatia nguo akazungushia "mwezi mmoja". Nikaichukua karatasi, nikamwomba anieleze. Akaeleza sawasawa, isipokuwa jibu alidhani atampa mwenye jengo kwa simu. "Kwa maandishi" ilikuwa pale, mstari wa tatu. Nimeipandisha hadi wa kwanza.

Zile karatasi za zamani amezibandua. Amezigeuza upande wa pili, anaandikia vipimo vya wateja. Suruali yangu ni ya pili kutoka juu.