Minyororo ya vinili kwenye vifaru vya modeli: rangi ipi haibanduki?

Mnyororo35

Ndugu wanachama, ninaunda modeli ya Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1/35 kutoka kwenye boksi la zamani, ambalo minyororo yake ni mkanda mmoja mrefu wa vinili (plastiki laini) nyeusi kwa kila upande, na ncha zake huunganishwa kwa kuyeyusha vipini vidogo kwa bisibisi iliyopashwa moto. Mnyororo wa vita wa Tiger halisi ulikuwa na upana wa milimita 725, kwa hiyo huu wangu una takriban milimita 21, na rangi ikibanduka hapo hakuna atakayeangalia kitu kingine.

Kabla ya kuugusa, nilikata vipande vinne kutoka kwenye mkanda wa kifaru kilichokwisha haribika, nikavipaka rangi, nikaviacha siku tatu, kisha nikavikunja kuzunguka penseli. Kile nilichokipaka rangi ya mafuta moja kwa moja kilikuwa bado kinanata hata siku ya tatu, na alama ya kidole changu imebaki juu yake mpaka leo. Akriliki ya maji bila praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ilikauka upesi, lakini mkunjo wa kwanza tu ukaitoa vipande vipande kama ganda la kitunguu. Praima ya laka ya kopo la kupuliza, ikifuatiwa na akriliki, ilitulia vizuri kipande kilipokuwa kimenyooka, ila kilipokunjwa ilifanya nyufa nyembamba. Kipande cha nne nilikiosha kwa sabuni ya vyombo, nikakipaka praima ya poliyurethani ya maji na kisha akriliki ileile, nacho hakikuonyesha hata ufa mmoja. Naelekea kuchagua njia hii ya nne, lakini ningependa kusikia waliotangulia.

BrashiKongwe

Kijana wangu, kazi ni nzuri, ila ulinganisho wako una kasoro moja kubwa: ni kipande cha nne peke yake kilichooshwa. Minyororo hii hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuiachilia kutoka kwenye kalibu, na mafuta hayo pekee yanatosha kuibandua akriliki, kwa hiyo hujui kama kilichokuokoa ni praima au ni sabuni. Vilevile penseli ni jaribio kali kupita kiasi, maana gurudumu la meno la Tiger, hata katika kipimo hicho, ni pana kuliko penseli kwa zaidi ya mara mbili.

Kuhusu rangi ya mafuta, sina ubishi. Vinili huwa laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo havikai mahali pamoja. Hupenya polepole hadi juu, vikaingia ndani ya rangi na kuizuia isikomae. Ndivyo hivyohivyo vinavyokula plastiki ngumu. Nina kifaru nilichokifungia ndani ya boksi minyororo ikiwa imeyabana magurudumu yasiyopakwa rangi, na nilipokitoa miaka kadhaa baadaye, kila gurudumu lilikuwa limeyeyuka pale lilipoguswa, likiwa na alama ya kila pingili. Tangu siku hiyo napaka rangi ukingo wa kila gurudumu kabla ya kuvisha mnyororo, hata ule usioonekana.

MikonoYaVumbi

Mimi naenda kinyume nanyi wote wawili, kwani sioni haja ya kuifunika vinili yote. Chukueni Sherman, kifaru cha Wamarekani, yenye minyororo ya aina ya T48: vitalu vyake vilikuwa vya mpira, na mpira haushiki kutu, kwa hiyo rangi nyeusi iliyotoka nayo kiwandani inakaribia ukweli. Naiosha, napitisha akriliki ya kijivu iliyozimuliwa sana, kisha unga wa rangi ya udongo kwenye mifereji, na chuma naonyesha kwenye viunganishi vya pembeni tu. Tabaka likiwa jembamba hivyo, hata likichubuka halionyeshi ukingo.

Kwa Tiger nakubali kwamba hali ni tofauti, kwa kuwa mnyororo wake ulikuwa chuma kitupu. Hata hivyo, tafadhali usiupake rangi ya chungwa kama bati la paa lililochakaa. Chuma kinachotembea kila siku huwa na hudhurungi iliyokolea, na sehemu zinazosuguana hung'aa.

Pingili96

Nyongeza fupi. Si kila mnyororo laini ni vinili ya zamani. Ile ya kampuni ya modeli ya Dragon inayoitwa DS hukubali gundi ya kawaida ya plastiki na hushika rangi kwa urahisi zaidi. Dondosha tone la gundi hiyo upande wa ndani wa ncha: ikiuma, una bahati, ikikauka bila kuacha alama, rudi kwenye sabuni na praima.

Mnyororo35

Mzee BrashiKongwe, shikamoo na asante, umenikamata. Nimerudia jaribio, safari hii vipande vyote vikiwa vimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na mswaki, na badala ya penseli nimetumia chupa ndogo ya rangi. Akriliki bila praima haikubanduka tena, ila ilifutika kwenye ncha za meno ya mnyororo nilipoisugua kwa kidole gumba. Laka ilifanya ufa mmoja tu. Poliyurethani ilibaki nzima, na rangi ya mafuta ilinata kama mwanzo.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitapaka praima mkanda ukiwa umenyooka, niuvishe, kisha nipulize akriliki ukiwa tayari umezunguka magurudumu, ili rangi ya juu isikunjwe kabisa. Kwa kuwa Tiger haikuwa na magurudumu madogo ya kurudishia mnyororo, sehemu ya juu ililala juu ya magurudumu makubwa, jambo ambalo vinili hii inayoruka kama springi haitaki kulifanya. Nitaibana kwa supagluu kwenye magurudumu matatu ya katikati na kuishikilia kwa kibanio cha nguo usiku kucha, kabla ya akriliki. Mng'ao wa meno nitaufanya mwisho kabisa, kwa kuyasugua na unga wa grafiti ya penseli kwa ncha ya kidole.