Picha za Korem: je, Mo Amin aliwavunjia heshima waliokuwa wakifa njaa?

Ndugu zangu, kila jina la Mohamed (Mo) Amin, mpiga picha wa habari kutoka Kenya, linapotajwa, shutuma moja haikosekani: kwamba picha alizopiga wakati wa njaa kubwa huko Korem, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984, ziliwavua utu wenye njaa na kuipaka Afrika matope mpaka leo. Tuijadili.

Mimi nasema alifanya sawa kuwasha kamera. Machi mwaka huohuo tume ya misaada ya Ethiopia yenyewe ilishaomba chakula, wafadhili wakasuasua. Serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati huo, nayo ilikuwa mbioni na sherehe za Septemba, miaka 10 ya mapinduzi. BBC iliporusha taarifa ya Mo na mwandishi wake Michael Buerk tarehe 23 Oktoba, ndipo misaada ikaanza kumiminika.

Wanaolalamika wana hoja, lakini naiona mahali pengine. Chukueni picha zake za Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi Nairobi, Julai 1969. Nazo zinauma kuzitazama. Ila Mboya ana jina na kisa. Anayeziona anauliza nani alimtuma muuaji. Watu wa Korem walizunguka dunia nzima bila majina, na vita vya serikali na waasi wa kaskazini vilivyoizidisha njaa ile vikafichwa nyuma ya neno ukame. Hapo ndipo walipodhulumiwa.

Mzigo huo simtwiki Mo peke yake. Waliochagua sekunde zipi zirudiwe mwaka baada ya mwaka, kwenye kila tangazo la kuchangisha fedha, walikuwa mbali na Korem. Yeye alikuwa mtoto wa huku: mzaliwa wa Nairobi, kampuni yake ya picha, Camerapix, akaianzisha Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana mdogo. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamuua mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akavaa wa bandia, akarudi kazini. Novemba 1996 akafa kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro. Mtu wa namna hiyo simwiti mtalii wa mateso.

Ninachodai ni kwamba anayezitumia picha za Korem leo aandike mahali, mwaka na vita.

Na wewe unayeamini kamera ile ingebaki imezimwa, tueleze: maombi ya Machi yalishapuuzwa, nini kingine kingewaamsha wenye nafaka?