Wasimamizi wa tasnifu, mnawinda koma huku vyanzo hewa vinapita mlango wa mbele!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nasoma uzamili wa sosholojia hapa Mwanza, chuo sikitaji, na tasnifu yangu imerudi tena imechorwa wino mwekundu kuanzia sura ya pili hadi marejeo. Nimepitia kila alama. Koma, nukta, herufi za mlazo, nafasi baada ya nukta. Hakuna hata mahali pamoja palipoulizwa: haya uliyonukuu umeyasoma wapi, ukurasa wa ngapi?

Basi angalau hizo koma zingekuwa sahihi! Mwongozo tuliopewa unasema tufuate APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, toleo la saba, lililotoka 2019. Daktari wetu, ndiye msimamizi wangu, bado yuko la sita. Anadai niandike mji wa mchapishaji, wakati toleo la saba limeufuta. Anadai kazi ya waandishi watatu niwataje wote mara ya kwanza, ndipo baadaye niandike "na wenzake". Toleo la saba linasema wakifika watatu unamtaja wa kwanza "na wenzake" tangu mwanzo. Nikamwonyesha. Jibu: "Andika ninavyokuambia, kijana." Akija mtahini wa nje, maksi anakatwa nani?

Hilo ningemeza. Lililonitoa machozi ya hasira ni la akina mama wa dagaa.

Utafiti wangu ni wa wanawake wanaoanika na kuuza dagaa, Kirumba mwaloni na kule Igombe. Niliwaahidi kwa maandishi, kwenye fomu ya ridhaa ambayo chuo chenyewe kiliipitisha, kwamba majina yao hayatatoka. Kwa ahadi hiyo wakafunguka. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya. Nani ndani ya nyumba anashika hela ya mauzo. Nani anadai nini kabla hujapewa mzigo mtumbwi ukitia nanga alfajiri. Sasa pembeni ya ukurasa nimeandikiwa: "Wahojiwa wako mbona hawapo kwenye marejeo?" Yaani mama wa watu nimpange kwenye orodha kwa alfabeti, jina, tarehe na mwalo wake!

Jamani, orodha ya marejeo ni ya vitu ambavyo msomaji anaweza kuvifuata akavipata: kitabu, makala, ripoti ya serikali. Maneno ya mhojiwa ni data yako. Unaeleza ulivyoyapata kwenye sura ya mbinu, na ukinukuu unaandika "Mshiriki wa 7, muuza dagaa", yameisha. Hata ungeongea pembeni na ofisa uvuvi ambaye hayumo kwenye sampuli, APA inayaita mawasiliano binafsi: yanatajwa ndani ya maandishi pamoja na tarehe, kwenye orodha hayaingii. Na kwa wanaojua mwaloni, hata bila jina, ukiandika "mjane, ana watoto sita, anaanika upande wa mawe" umeshamtaja. Tasnifu siku hizi zinawekwa mtandaoni, na mwenye mtumbwi ana simu kama wewe.

Wakati mimi nasulubiwa hivyo, kuna kazi zimepita ambazo marejeo yake yametungwa na akili mnemba. Majina mazuri, mwaka mzuri, jarida zuri, makala haipo duniani. Serikali ilipohangaika na watumishi hewa tulicheka; vyuoni tuna waandishi hewa na hakuna anayehakiki. Kuwakamata si kazi: bofya namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, uone inakupeleka wapi. Inagoma, au inakuletea makala ya ugonjwa wa mahindi kwenye tasnifu ya ndoa za utotoni.

Halafu kuna Durkheim, yule mwanasosholojia wa Ufaransa. Kila tasnifu ya sosholojia utakuta "Durkheim, 1897". Kitabu chake kuhusu kujiua kilitoka mwaka huo, kwa Kifaransa. Nani kati yetu amekisoma kwa Kifaransa? Tumekipata kwenye madesa ya mwaka wa kwanza. Kama umemkuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema amenukuliwa na huyo mwingine, na kwenye orodha umweke huyo mwingine tu. Kama umesoma tafsiri ya Kiingereza ya 1951, andika 1897/1951. Hili halijawahi kuchorwa wino mwekundu, nadhani kwa sababu walimu nao walimpata huko huko.

Takwimu ndiyo usiseme. "Watanzania ni 61,741,120", chanzo: Google! Hiyo ni sensa ya 2022. Mwenye chanzo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Na MV Bukoba iliyozama Mei 1996, sisi wa huku tunajua idadi ya waliokufa inatofautiana chanzo kwa chanzo, lakini mtu anaandika namba moja kavu bila kusema kaitoa wapi, na inapita.

Nauliza waliowahi kupeleka malalamiko kamati ya uzamili: mliandika barua kupitia kwa msimamizi huyo huyo, au mlimruka mkaenda kamati ya maadili ya utafiti? Nina fomu za ridhaa na nakala ya mwongozo wa chuo. Koma nitarekebisha zote anazotaka, mji wa mchapishaji nitauweka. Majina ya wale akina mama siandiki.