Kijana wa PCB amefika England: kemia ya A-level ajisomee?

Wapendwa, habari za siku nyingi. Mwanangu aliyekuwa kwa bibi yake Moshi amefika Leicester. Form Four amefaulu vizuri na alishaanza Form Five, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Anataka udaktari. Chuo cha karibu kinachofundisha A-level wamesema darasa la kemia limejaa. Jirani ananishauri anunue vitabu, ajisomee, afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye uzoefu anisaidie.
Mama wa Leicester

---

Dada, hongera kwa kumpokea kijana. Hesabu anaweza kujisomea. Kemia ina ndoana, nayo ni praktiko.

Nyumbani Tanzania praktiko ni karatasi ya mtihani. Unaingia maabara na bureti yako, halafu unapewa chumvi usiyoijua, unaichoma, unaitonea hiki na kile mpaka ijitaje jina. Alama zinaingia kwenye gredi. Huku, tangu mtaala wa 2015, siku hiyo haipo. Mwanafunzi anafanya majaribio yasiyopungua 12 ndani ya miaka miwili, mwalimu akimwangalia na daftari likijazwa, mwishoni anaandikiwa kwamba amefaulu, kando kabisa ya gredi. Praktiko haigusi gredi, ila vyuo vikuu vingi vinadai uwe umeifaulu. Kwa hiyo mtu anaweza kupata A na bado akakwama. Vipo vituo binafsi vinavyofanyisha majaribio yote kwa siku chache, lakini bei yake si ya kitoto. Ulizia kabla hujalipia mtihani.

Na maabara inamfuata hata kwenye karatasi: walau asilimia 15 ya alama za mitihani ya kuandika zinahusu majaribio, na walau asilimia 20 ni hesabu.

Mimi ningehangaikia chuo kingine kwanza. Akiwa chini ya miaka 19 na kibali chake cha kuishi kinaruhusu, halipi ada. Matokeo ya GCSE, mtihani wa huku unaofanana na wa Form Four, yakitoka mwishoni mwa Agosti watoto huhamahama, nafasi zinaachwa. Piga simu wiki hiyo hiyo, usitume barua pepe. Wakisumbua kuhusu cheti cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, UK ENIC ndio wanaotoa waraka wa ulinganisho.

Vitabu usinunue mpaka ujue bodi ya mtihani. OCR, mojawapo ya bodi hizo, peke yao wana mitaala miwili ya kemia, A na B. Mimi nilimnunulia binti yangu seti nzima ya B, kumbe shuleni kwao ni A. Ziko kabatini hadi leo.

Kilichomtesa binti huyo si ugumu wa somo, ni namna ya kujibu. Aliulizwa kwa nini maji yanachemka kwenye joto kubwa, akaandika vifungo vya maji ni imara. Sifuri. Walitaka vifungo vya haidrojeni, tena vilivyo kati ya molekuli, maana ukisema vifungo tu msahihishaji anadhani unazungumzia vile vya ndani ya molekuli. Mpe kijana karatasi za miaka ya nyuma pamoja na miongozo ya kusahihishia tangu mwezi wa kwanza wa masomo.

Maombi ya udaktari kupitia UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vikuu, yanafungwa katikati ya Oktoba, mapema kuliko kozi nyingine.
Baba wa Milton Keynes

---

Ahsante sana kaka. Nimepiga simu vyuo viwili asubuhi hii, kimoja wamesema aje Alhamisi na vyeti vyake. Hivyo vitabu vya kabatini usimpe mtu. Wanafundisha OCR B.
Mama wa Leicester