Kuinuliwa kalamu mbele ya darasa kwa sababu ya "borrow" na "lend"

Ndugu wanajukwaa, nimetoka darasani sasa hivi na hasira bado imenikaba koo. Yule mwalimu wa Kiingereza mnayemjua nyote, anayesahihisha hata chafya ya mtu, leo ameamua kunifanya kichekesho. Kalamu yangu iliishiwa wino katikati ya imla, nikamwomba kwa adabu zote, "Please borrow me your pen." Akasimamisha imla, akainua kalamu yake juu ili kila mtu aione, kisha akalitaka darasa zima liniambie kwa sauti moja kwamba mwenye kitu ndiye "lends" na anayekichukua ndiye "borrows".

Kiswahili kinatosheka na kuazima tu: mimi naazima kalamu kwake, naye ananiazima. Wajerumani nao hutumia "leihen" kwa pande zote mbili. Angeweza kuninong'oneza "lend me" na imla ikaendelea, lakini hapana, ilibidi kalamu iinuliwe juu! Watu walicheka mpaka madirisha yakatikisika. Na hiyo kalamu hakunipa! Imla imekwisha, yeye ameishika juu, ukurasa wangu mweupe.

Tausi: Pole sana, ndugu yangu. Huyo huyo aliwahi kuniandika ubaoni kwa kusema "lended" badala ya "lent", na jina langu likakaa pale wiki nzima.

Bibi Sarufi: Mleta uzi, unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ukikitaka kitu kije kwako, sema "lend me" au "can I borrow". Mwalimu amekufundisha bure.

Kinara: Afadhali wewe ulikosea kweli. Mimi alinikatalia "loan me", ilhali Wamarekani hulitumia neno hilo kama kitenzi kila siku, hasa wanapozungumzia fedha.

Mtulivu: Hayo ni madogo, wakuu. Mimi nilifokewa kwa kuitia "information" herufi "s" ya wingi, wakati kwetu taarifa huwa moja, mbili, tatu, na hakuna anayeshtuka.

Tausi: Mtulivu, umenikumbusha "advices", ambayo ilinikosesha alama zote za barua yangu rasmi.

Kinara: Na "furniture" je, ambayo haipokei "s" hata nyumba ikijaa viti mpaka mlangoni? Hiyo inastahili uzi wake.